Neno "Tu" na Chupa Zilizobaki Chini ya Kiti

Jumapili usiku, South B

Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya wanawake wapatao sitini katika ukumbi wa hoteli moja huko Westlands, nikapewa dakika moja ya kuieleza biashara yangu, nami dakika hiyo nikaitumia kuiombea radhi. Nayakumbuka maneno yangu yote kwa sababu yamekuwa yakinizunguka kichwani tangu siku hiyo: "Mimi natengeneza tu achari za nyumbani. Ni kabiashara kadogo tu, najaribu-jaribu tu." Kisha nikaketi upesi, huku jasho likinitiririka mgongoni. Chini ya kiti changu kulikuwa na mkoba wenye chupa sita za achari ya maembe, ambazo nilikuwa nimezipakata kwenye matatu kutoka South B hadi mjini, na nyingine kutoka mjini hadi Westlands, kama mtu aliyebeba mayai. Zilitoka nyumbani sita na zikarudi nyumbani sita.

Meza ya pili kutoka yangu alikuwa ameketi afisa wa ununuzi wa supamaketi moja, aliyealikwa hasa kwa ajili ya kutafuta vyakula vinavyotengenezwa na watu kama mimi. Alinisikia vizuri. Mwenye mafuta ya nazi aliponifuata, nilimwona afisa yule akiandika kitu daftarini. Nilipozungumza mimi, kalamu yake haikusogea, wala simlaumu, kwa kuwa sikumpa neno hata moja la kuandika.

Neno "tu" nilizoea kuliona kama adabu. Mwanamume wa Gikomba aliyetandika turubai chini na kumwaga mashati ya mitumba juu yake hujiita mfanyabiashara bila kusita, naye ana haki kabisa. Mimi nina jiko lililokaguliwa na afisa wa afya wa kaunti, wasaidizi wawili ninaowalipa kila Jumamosi, na madaftari ya hesabu ya miaka sita, lakini nikiulizwa ninafanya kazi gani husema kwamba tunasukuma tu maisha. Sidhani tena kwamba huo ni unyenyekevu. Mnyenyekevu hukijua kipimo chake na hakipiti, ilhali mimi nilikuwa nikitangaza kipimo kilichopungua kuliko nilicho nacho, jambo ambalo katika duka lolote la nafaka lingeitwa kupunja.

Chanzo chake nakijua. Nililelewa na nyanya yangu Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo baraza yake ndiyo iliyokuwa duka. Kila alasiri aliwasha jiko la makaa, akateleka karai na kukaanga viazi, akaviuza pamoja na ukwaju na achari aliyoitengeneza mwenyewe. Hakuwahi kumwita mteja. Alipowasikia wachuuzi wakinadi njiani, alitwambia sisi wajukuu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," na methali hiyo ikaniingia kuliko somo lolote la shuleni. Changanya na mafunzo ya haya na stara ambayo msichana wa pwani hupewa tangu utotoni, upate mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayeona kwamba kuitaja bidhaa yake mwenyewe mbele za watu ni kujishaua. Silikatai somo la haya, na binti yangu namfunza pia. Ila sikumbuki kufunzwa popote kwamba haya ni ya kufichia chupa.

Ushahidi wa jambo hili upo kabatini. Lebo zangu za kwanza nilizichapisha River Road, mia tano kwa mkupuo mmoja, na nilikaa na kijana wa kuchora alasiri nzima tukichagua kijani cha embe bichi na namna jani litakavyopinda pembeni mwa jina. Zilitoka nzuri sana. Hazikuwa na nambari ya simu, wala nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa, wala jina la mtaa. Kijana yule aliniuliza mara mbili, "Mama, nambari tuiweke wapi?" nami nikamjibu kwamba wanaonijua wananijua. Kwa karibu miaka miwili watu walikula achari yangu kwenye harusi za Pangani na Eastleigh, wakaipenda, wakaigeuza chupa huku na huku wakimtafuta mwenyewe, wasimpate. Mama mmoja wa Pangani alinieleza baadaye kwamba ilimbidi apige simu nne hadi akamfikia shemeji yangu, ambaye naye alimwambia kuwa hana hakika kama ninauza au ninagawa.

Kwa kuitendea haki nafsi yangu, lazima niseme kwamba woga wote haukuwa wa bure. Mwanamke akiitoa nambari yake hadharani hupigiwa na wateja, na hupigiwa pia na wanaume ambao haja yao si achari. Yupo aliyetaka tuzungumze kuhusu oda ya chupa mia moja wakati wa chakula cha jioni, na nilipopendekeza tukutane saa nne asubuhi kwenye mkahawa wa mjini, oda ikafa papo hapo. Siku hizi nina laini ya kazi iliyo kwenye simu ndogo ya vibonyezo, nayo huizima saa moja usiku. Laini yenyewe haikunigharimu hata bei ya chupa moja, na imenipa ujasiri kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Nikiitaja semina, mzungumzaji mkuu wa Alhamisi alituhimiza mara nyingi mno kwamba tujiamini, bila kutwambia mtu hujiamini kwa kushika nini. Kilichonifaa nilikipata kwenye foleni ya chai. Mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga alinitazama mkoba, akaniuliza nimebeba nini, na kabla sijamaliza kujibu akauliza swali la pili: "Una alama ya KEBS?" Nikamwambia kwamba alama hiyo ya Shirika la Viwango la Kenya nilidhani ni ya viwanda vikubwa. Alinishika mkono akanitoa kwenye foleni, chai yenyewe tukaisahau, akanieleza hatua kwa hatua: ombi hujazwa vipi, mkaguzi akija jikoni hutazama nini, sampuli huenda maabara, na kwamba wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao wenye ada nafuu. Yeye alijifunza kwa uchungu. Mwaka 2019, KEBS ilipopiga marufuku baadhi ya chapa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumukuvu, chapa yake haikuwamo, lakini wateja waliogopa siagi yote, na waliorudi walirudi wakiigeuza chupa kutafuta alama kwanza na bei baadaye.

Ni huyo huyo aliyenieleza kuhusu AGPO, mpango wa tangu 2013 unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nilikuwa nimelisikia jina hilo redioni nikadhani ni jambo la wajenzi wa barabara, kumbe hata anayepeleka chakula kwenye mikutano ya ofisi ya umma anaweza kujisajili. Mambo hayo mawili, yote yakiwa wazi kwa kila mwananchi kwa miaka mingi, yalinifikia kwa mdomo wa mtu niliyesimama naye kwenye foleni.

Hapa ndipo ninapotatizika na neno jingine. Katika Kenya "kujuana" ni neno lenye harufu mbaya, kwa kuwa ndilo tunalolitumia kueleza jinsi kazi zilivyokwisha kugawanywa kabla tangazo halijatoka gazetini. Kwa hivyo niliona fahari kusema kwamba mimi sijuani na mtu. Lakini Marikiti, ninakonunua maembe, mambo huenda kwa kujuana kwa namna nyingine kabisa: mama anayeniuzia hunipigia simu alfajiri lori la kutoka Makueni linapofika, hunitengea maembe magumu yasiyo na doa, na mwaka ambao sikuwa na pesa za kutosha alinipa magunia mawili hadi mwezi ukaisha. Hakuna aliyedhulumiwa. Tofauti, nadhani, ni kwamba sisi wawili tulijuana kupitia kazi.

Kadi za watu nilizonazo ni ishirini na tatu, zimefungwa kwa mpira, na sikuwa nimempigia hata mmoja. Ijumaa nilizimwaga mezani. Kumi na nne kati yake sikukumbuka wenyewe ni nani wala tulikutana wapi. Tangu sasa naandika nyuma ya kadi, siku ile ile, kabla sijapanda matatu: mahali, jambo tulilozungumza, na nilichoahidi. Mama wa siagi ya karanga nilimwandikia, "Nimpelekee chupa mbili, anitumie nambari ya yule afisa wa ununuzi." Nimempelekea jana, naye ametuma.

Nilipoanza biashara hii niliwahi kusoma habari za Esther Ocloo wa Ghana, aliyeanza katika miaka ya 1940 kwa shilingi kumi alizopewa na shangazi yake, akatengeneza jemu ya machungwa na kuitembeza barabarani. Wenzake aliosoma nao Achimota walimcheka kwa kuchuuza kama mtu asiyesoma. Baadaye shule ile ile ikawa mnunuzi wake, akajenga kiwanda, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Women's World Banking, shirika la kuwasaidia wanawake wapate mikopo. Wakati ule nilikisifu kile kiwanda. Usiku huu najiuliza jambo dogo zaidi: siku ya kwanza, akiwa na chupa zake, mdomo wake ulianza kwa neno gani?

Wangu umeanza mazoezi. Binti yangu, aliye shule ya sekondari, ameketi kitandani kila usiku na saa ya simu, na kila nikisema "tu" huinua kidole. Ijumaa aliinua vidole vitano ndani ya dakika moja. Jana viwili. Leo nimesema hivi: "Ninatengeneza achari ya maembe na ya ndimu kwa mapishi ya Mombasa. Chupa ya gramu 400 ni shilingi 350, na kwa wiki ninaweza kutoa chupa mia mbili." Hakuinua kidole, ila alisema kwamba pale kwenye shilingi 350 nilitazama sakafu.

Baada ya magharibi nilimpigia mama Mombasa, nikamweleza yote, pamoja na methali ya nyanya. Mama hana subira na simulizi ndefu. Julai 1985, mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa wanawake ulipofanyika Nairobi, yeye alikuja kwa treni na mzigo wa leso, akasimama nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi walikokutana wanawake wa mashirika, akajifunga leso moja kiunoni na nyingine begani, na kwa Kiingereza cha maneno kumi akauza mzigo wote kwa siku nne. Aliponisikia nikisema kwamba nyanya hakuwahi kujitangaza, alicheka hadi akakohoa.

"Nani alikwambia? Mtu akihamia mtaani, nyanya yako alinipa sahani ya viazi na kitone cha achari, nikapeleke."

Nikasema kwamba huo ulikuwa ukarimu wa watu wa zamani.

"Ukarimu upo, mwanangu. Lakini alinitajia nyumba moja moja, ya nani kwanza na ya nani baadaye, na nikirudi aniuliza walisema nini. Ule moshi je, unadhani jiko liliwekwa barazani kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi?"

Sikuwa na la kujibu. Kabla hajakata simu aliniuliza, "Na wewe sahani zako umempelekea nani?"

Nimetoa kabatini lebo mojawapo kati ya zile zisizo na nambari, na kwenye karatasi yake ya nyuma nimeandika majina kumi na moja. La kwanza ni la yule afisa wa ununuzi, na kesho saa tatu asubuhi nampigia.