F zilijaa ubaoni, na vikaratasi vyangu sikuviacha

Matokeo ya Hisabati ya kidato cha nne yalipotoka na F zikajaa ubao wa matangazo, ushauri ulimiminika ofisini: achana na vikaratasi vyako vya swali moja mwisho wa kipindi, mwalimu, wapigishe pasipepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, weka kambi ya masomo. Sikuacha. Nilikaa na karatasi za moko, mtihani wa majaribio, za watahiniwa walewale, nikahesabu swali kwa swali alama zilipopotelea.

Kwanza hiyo F yenyewe. Kwa gredi za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, F ni 0 hadi 29. Aliyetoka alama 4 akafika 28 na ambaye hajawahi kufungua daftari wanakaa mstari mmoja, ubao hauwatofautishi. Kwenye moko tofauti ilionekana wazi: sehemu A ilikuwa na kazi ya kueleweka, sehemu B ilikuwa nyeupe. Mtihani ulikuwa na maswali 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10, kwa saa 3. Dakika 180 kwa alama 100: swali la alama 6 lisizidi dakika 10, la alama 10 lisizidi 18. Wangu walikaa dakika 25 kwenye swali la kwanza wakihakiki jibu, maana ndivyo nilivyowazoesha. Hapo kosa ni langu, na dawa yake ni saa ya ukutani, si kambi.

Vikaratasi viko hivi. Dakika 5 za mwisho wa kipindi, swali moja, robo ya karatasi ya A4, jina nyuma. Usitie vema wala kosa. Gawa marundo matatu: amepata, ameteleza kwenye kuhesabu, hajaelewa. Sekunde 10 kila kimoja, kwa wanafunzi 84 ni dakika 14, unamaliza kabla chai haijapoa. Karatasi 21 kwa kipindi, kwa hiyo rimu moja inakwenda vipindi 23. Kariakoo ni elfu kumi na kitu, inategemea duka na uso wako.

Rundo la tatu ndilo somo la kesho. Chukua kosa lililojirudia zaidi, liandike ubaoni bila jina, waambie walitafute. Ukikosa mfano mzuri, taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zimejaa makosa ya aina hiyo, somo kwa somo.

Kosa ninalolipenda kuliko yote ni (a + b)² kuwa a² + b², bila 2ab ya katikati. Kulisema mara mia hakusaidii. Kata karatasi ngumu ya manila, mraba wa sentimita 10 kwa 10, pima 7 na 3 kila upande, chora mistari, kisha kata. Unapata mraba wa 49, mraba wa 9, na mistatili miwili ya 21. Waambie wajenge upya mraba wa 100 kwa ile miraba miwili tu. 49 na 9 ni 58. Waache wahangaike, wageuzegeuze, wabishane, usiseme neno. Zile 42 zinazokosekana wataziokota wenyewe mezani, na 2ab haitawatoka tena. Tumia vipimo visivyolingana: ukikata 5 na 5 vipande vyote vinafanana, somo limekufa.

Makundi yalinishinda mwanzoni. Kundi la watu 8 maana yake wawili wanakokotoa, sita wako kwenye Simba na Yanga, hasa kipindi cha saa nane mchana bati likiwaka. Sasa ni wanne, dawati la mbele linageuzwa, karatasi moja, kalamu moja, na kalamu inahama kila hatua ya kazi. Wanapeana namba 1 hadi 4. Nikiita 3, namba 3 wa kundi lolote aeleze. Wa tano hafai: hana pa kukaa.

Jingine ambalo pasipepa haziponyi ni Kiingereza cha maswali. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akiona ‘5 less than x’ anaandika 5 − x badala ya x − 5, kwa sababu anafuata mpangilio wa maneno. Nampa sentensi sita za namna hiyo kila Jumatatu, azigeuze kuwa Kiswahili kwanza, ndipo aandike mlinganyo. Hakuna kukokotoa. Mwalimu wa taaluma aliona ni kupoteza kipindi. Nilimwonyesha rundo la tatu lilivyokuwa linapungua, akaondoka nalo mkononi.

Logariti bado inanitesa. Wanaandika log(a + b) kuwa log a + log b, na kwa hilo sijapata manila ya kukata.