Siku moja maishani mwangu: paa, funo na picha zisizosogea

Saa 11:15 alfajiri. Baada ya kuswali nabandika maji ya chai, na yanapochemka naiwasha kompyuta inakili picha. Memori kadi 6 zilifika jana kwa basi la Muheza, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na machungwa mawili. Kijana anayezitoa kwenye kamera hanisahau kamwe kwa machungwa. Kamera zenyewe zimefungwa kwenye miti huko Usambara Mashariki, upande wa Amani. Mnyama akipita mbele yake, inapiga picha tatu mfululizo, iwe mchana au usiku.

Saa 1:30 asubuhi. Napanda baiskeli kutoka Ngamiani hadi Chumbageni. Tanga ni mji wa baiskeli, na asubuhi hiyo barabara ni yetu.

Saa 2. Kazi yangu ni kutazama kila picha na kuandika jina la mnyama aliyemo. Watu huniuliza, "Si swala tu hao?" Nawaelewa, maana hata nyumbani kwetu kila mwenye pembe na miguu myembamba ni swala au paa. Lakini wanyama hao ni wa aina nyingi: nsya hupenda vichaka na kingo za mashamba, na funo anataka msitu uliofunga. Nikiwachanganya, nimesema msitu upo mahali ambapo umeshakatwa.

Folda mbili za kwanza hazina taabu: kima, nungunungu, panya buku, na majani yaliyotikiswa na upepo, mengi mno.

Saa 4. Funo, mchana kweupe. Picha kama hii naifurahia mpaka nakisogelea kioo. Rangi yake ni ya kutu, uso una weusi katikati, na miguu imeingia giza. Kati ya pembe kuna kishungi cha nywele. Mgongo umepinda na kichwa kimeinamishwa, umbo la mnyama anayepenya vichakani bila kunaswa. Nsya naye ana kishungi, lakini amesimama juu zaidi, masikio marefu, pembe zimechongoka wima, na puani ana mstari mweusi.

Ukiwaona mchana huwezi kukosea. Usiku ndiko kwenye kazi, kwa sababu kamera hupiga kwa mwanga usioonekana na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Rangi yote ya kutu imekwenda. Mwaka jana nilimwandika nsya kuwa funo, kisha nikalinakili jina hilo kwenye mfululizo mzima, picha 41. Kosa lilionekana ramani ya mahali walipoonekana wanyama ilipokwisha kuchorwa: nukta ya funo ilikaa pembeni kabisa mwa shamba la iliki, peke yake. Niliifuta kwa mkono wangu, na iliniuma. Tangu siku hiyo jedwali langu lina safu ya "Hajulikani", na siionei haya. Afadhali nafasi iwe tupu kuliko jina la kubahatisha, kwa kuwa jina likishaandikwa hakuna anayerudi kuitazama picha.

Saa 7 mchana. Wali, maharage, kibua. Narudi mezani.

Saa 8. Nimekwama. Ni picha ya usiku, mnyama mdogo kasimama ubavu. Mfungaji wa kamera huacha picha yake mwenyewe akiwa ameshika fimbo yenye alama kila sentimita 10, nami huilinganisha na mnyama. Huyu bega lake linafika kama sentimita 35. Anaweza kuwa paa, anaweza kuwa ndimba, ndugu mdogo wa funo, wote ni wa kimo hicho. Ndimba angekuwa na kishungi, ila jani limeziba utosi.

Nampigia simu mzee mmoja wa huko milimani, aliyelinda msitu ule miaka mingi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umekwama na nani?"

"Mdogo, babu. Paa au ndimba."

"Mkia je?"

"Ni picha, babu, hausogei."

"Unazo ngapi?"

"Tatu."

"Basi zipindue upesi upesi. Paa huupeleka mkia huku na huku, kama anafukuza inzi. Ndimba huupandisha na kuushusha, na weupe wa chini unamulika."

Nikabonyeza kwenda mbele na kurudi nyuma. Kwanza mkia uko kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto tena. Na katika picha ya tatu mnyama amegeuza shingo, jani limebaki nyuma yake, utosi u wazi: hakuna kishungi. Dalili mbili zimekubaliana. Nikaandika *Nesotragus moschatus*, kwa sababu neno "paa" kila kijiji kina mnyama wake, na jina la kisayansi halibadiliki ukivuka kilima.

Saa 10. Kwenye kadi ya tano kuna mnyama mkubwa, mweusi, amekata kona, nyuma tu ndiyo inaonekana. Moyo ulinipanda. Minde, ndugu mkubwa wa funo, hupatikana Tanzania peke yake, na picha yake ya kwanza porini ilipigwa 2003 tu. Kila mweusi mnene namtamani awe yeye. Nikakuza picha polepole. Pajani kuna madoa meupe, machache, yaliyotawanyika. Minde hana madoa hayo. Ni mbawala dume, ambaye wengine humwita pongo. Nikamwandika kwa jina lake.

Saa 12 jioni. Wanne wamebaki kwenye "Hajulikani". Nilipokuwa nafunga, babu akapiga tena.

"Ulimwandika nani?"

"Paa, babu. Mkia ulikwenda huku na huku."

Akanyamaza kidogo. "Zitoe hizo picha kwenye karatasi uniletee. Nimemsikia akikimbia usiku miaka yote hiyo, sijapata kumwona ametulia."

Saa 2 usiku. Kadi nimezisafisha, ziko kwenye mfuko wa nailoni kwa basi la asubuhi. Na karatasi tatu, nimezipa namba kwa kalamu, moja hadi tatu, azipindue kwa mpangilio.