Ryder Cup ya Roma, niliiona kwa macho yangu

Kifurushi cha kwenda kutazama Ryder Cup, mashindano ya gofu kati ya Ulaya na Marekani, kilikuwa ghali, sikatai, lakini mimi na mume wangu tulipata kila kitu: hoteli katikati ya Roma, basi la alfajiri hadi uwanja wa gofu wa Marco Simone, na hema la wageni lenye chakula cha kushiba. Ila utamu wenyewe ulikuwa uwanjani. Ijumaa, kabla hakujapambazuka vizuri, majukwaa ya shimo la kwanza yalishajaa, watu wanaimba kama wako kwenye mpira wa miguu! Kwenye shimo hilohilo Hovland, mchezaji wa Ulaya, akaupiga mpira kutoka nje ya kijani (nyasi fupi kuzunguka shimo), ukabingirika taratibu hadi ukatumbukia. Mzee nisiyemjua akanikumbatia. Ulaya ikashinda mechi zote 4 za asubuhi, na Jumapili ikamaliza mbele kwa pointi 16½ kwa 11½. Mwaka 2027 mashindano ni Adare Manor, Ireland. Akiba tumeshaanza kuweka.