Kisigino changu na kidole cha bi mkubwa: nilivyojifunza kuongoza dansi ya tango

Bi mkubwa yule hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, "sss", kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akainama kukamata kidole gumba cha mguu. Alivaa viatu vilivyo wazi mbele, na kisigino changu kigumu, cha kiatu cha mtumba nilichokinunua sokoni Darajani makusudi kwa dansi ya tango, kilikuwa kimemshukia sawasawa.

"Niwie radhi, bibi."

"Radhi nishakupa, mwanangu. Lakini huko nyuma ulikuwa unaendea nini?"

Suali hilo sikuwa na jibu lake.

Tunakutana Jumamosi baada ya isha, juu darini kwenye nyumba moja ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Wanawake peke yetu, kwa hiyo mabuibui yanatundikwa ngazini na hakuna wa kumuonea haya. Watu wakisikia tango hudhani lazima awepo mwanamme. Mwalimu wetu anasema hata wanaume wa Buenos Aires zamani walifanya mazoezi wao kwa wao. Yeye mwenyewe ni mama wa Montevideo, na ole wako umwambie tango ni ya Argentina peke yake: atakukumbusha kwamba mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha kwa jina la nchi mbili, Argentina na Uruguay. Mie nilichagua kuongoza kwa sababu ni mrefu, na, nisiseme uongo, kwa sababu napenda kuamrisha.

Kosa langu nilikuja nalo kutoka nyumbani. Kabla sijafika darini nilikuwa nimejifunza kwenye simu zile hatua nane ambazo wengi huanzia nazo, na katika hizo hatua ya kwanza ya kiongozi ni kurudi nyuma. Sebuleni, mko wawili na mto wa kochi, haina madhara. Lakini kwenye uwanja wa tango jozi zote zinakwenda kwa mzunguko mmoja, unaoitwa ronda, kinyume cha mwendo wa saa. Nyuma yako daima yupo mtu anakuja. Ukirudi nyuma ni sawa na daladala kupiga rivasi ndani ya kipilefti.

Na hicho kipilefti nacho kilinisumbua. Mie ni mtu wa vespa. Pale Michenzani katikati ya duara huwa mkono wangu wa kulia. Kwenye ronda katikati iko kushoto. Wiki mbili nzima mwili ulikataa, kila nikijisahau najikuta nazunguka kama niko barabarani.

Aliyenifungua macho hakuwa mwalimu, alikuwa hamali. Asubuhi moja nimesimama Darajani nangoja chenji ya ndizi, akapita na mkokoteni wa magunia yaliyomzidi kimo. "Simile! Simile!" Nikamtazama macho. Hakuangalia gurudumu, wala miguu yake, wala gunia la juu lililokuwa likitikisika. Alikuwa ananyoosha shingo pembeni ya mzigo, anaangalia upenyo ulio mbele, baina ya mwenye baskeli na mama wa mchicha, na mkokoteni ukaufuata ule upenyo wenyewe. Mie darini nilikuwa natazama viatu vyangu. Mwenzangu niliyemkumbatia ndiye anayekwenda kinyumenyume, mara nyingi kafumba macho kabisa, na mie niliyepewa macho ya wawili nayatumia kuangalia sakafu! Tena kwenye tango hakuna kupiga simile. Usipoona umeshagonga.

Basi nikaanza upya. Hatua ile ya nyuma nimeitupa, sasa naanzia ubavuni. Nikiingia uwanjani wimbo ushaanza, nasimama ukingoni kwanza, natafuta macho ya kiongozi anayekuja, mpaka anitikisie kichwa. Ni kama kuchomoka uchochoroni na vespa: hutoki tu kwa vile taa yako inawaka. Nikishaingia, jozi iliyo mbele yangu ndiyo mbele yangu mpaka mwisho, hata ikiwa inakwenda kama kobe. Kuipita ni utovu wa adabu, na kukatiza katikati kwenda kutafuta nafasi upande wa pili ni vibaya zaidi.

Kilichonichukua muda ni kujua la kufanya nafasi ikikosekana. Nilidhani kiongozi mzuri ni mwenye hatua nyingi. Kumbe pale ndipo unapohitaji chache mno: kuhamisha uzito mguu huu na huu bila kuondoka, au kujizungusha kidogo kidogo hapo hapo ulipo mpaka mbele pafunguke. Mkono wa kushoto nao, ule mlioshikana, unauvuta ndani, usiwe mwiko wa kuchota watu. Boleo, ile ya mguu kurushwa nyuma, siongozi kabisa kukiwa na watu; ikibidi, mguu unabaki chini unafagia sakafu. Na madera yetu, kwa kuwa yanaburura, tunajifunga kanga kiunoni na kuyapandisha. Hilo halimo katika adabu za Buenos Aires, ni la hapa Kiponda.

Kualikana hufanywa kwa macho, bila kufuatana kitini na kunyoosheana mkono. Wanaita kabeseo. Wanawake wa Unguja kufundishwa kusema kwa macho? Hilo darasa lilikwisha kwa kicheko.

Ninalogombana nalo mpaka leo ni shoga yangu mmoja anayesimama katikati ya wimbo kumsahihisha mwenzake. Nyuma yake foleni nzima inasimama. Nimemwambia asubiri wimbo uishe, amenuna.

Baada ya miezi minne hivi bi mkubwa akanitazama kutoka kitini, akashusha kidevu. Tanda, yaani fungu la nyimbo mnazocheza pamoja bila kubadilishana, ilikuwa ya nyimbo nne, orkesta ya Carlos Di Sarli, mapigo yake wazi ya kutembelea, na bandoneoni, kinanda cha kukunja na kukunjua, inayonikumbusha akodiani ya taarab. Wimbo wa tatu, karibu na tangi la maji, jozi ya mbele ikasimama ghafla. Nilihisi mguu wangu wa kulia ukitaka kurudi nyuma, ule ule. Nikauzuia, nikamzungusha bi mkubwa pale pale, nusu duara, kisha nusu nyingine. Dera lake likanipiga miguuni likatulia. Hakufumbua macho.

Ikaingia kortina, kipande cha muziki mwingine cha kutawanyisha watu, nikamrudisha mpaka kitini kwake. Akaketi, akaniangalia viatu.

"Kisigino umebadilisha?"

"Kile kile, bibi."

Akacheka, akaivuta miguu yake chini ya kiti.