Siku moja maishani mwangu: mshauri nasaha wa watu wenye kiwewe

Saa 1:30 asubuhi. Wanaokuja kwangu wana kiwewe, jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Chumba cha ushauri nasaha katika hospitali ya wilaya ni kidogo, lakini kila kitu kimewekwa kwa sababu. Viti viwili hukaa mshazari, watu wasikodoleane macho kama kituo cha polisi. Kiti cha mteja kinaelekea mlangoni, bila meza wala kabati njiani, maana aliyewahi kukosa pa kukimbilia hutulia akiona pa kutokea. Saa ya ukutani iko nyuma ya kichwa chake, ili nisome muda bila kutazama mkono. Jagi la maji, vikombe viwili, tishu. Simu nazima kabisa.

Saa 2, kikao cha idara. Robo saa, kimekwisha.

Saa 2:30. Wa kwanza mara nyingi ni aliyefanyiwa ukatili wa kingono usiku. Kwake maongezi yanasubiri, dawa haisubiri. Kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72 na imezwe siku 28. Ya kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri anavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Fomu ya polisi, PF3, inafuatiliwa na ofisa ustawi wa jamii. Mimi natazama, nasikiliza, namuunganisha na watu: leo usiku atalala wapi? Nani wa karibu anamwamini? Simsimulishi. Wengi hudhani akiyatoa yote siku ileile atapona, na ni kosa; Shirika la Afya Duniani nalo linashauri tusifanye hivyo. Kulia, kushtuka na kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida, na wengi hutulia wakipata usalama na mtu wa kukaa nao. Arudi baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Dalili zikivuka mwezi ndipo tunapima kiwewe kama ugonjwa.

Saa 3:30. Muuguzi wa wagonjwa wa nje analeta mtu aliyepimwa vidonda vya tumbo mara mbili na hana kitu. Halali, moyo unamwenda mbio, na basi hapandi tena. Wengi huingia hapa kwa mlango wa tumbo au kichwa. Dodoso la kupima kiwewe lina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, kuhusu mwezi uliopita: tukio kumvamia akiwa macho, kukwepa mahali au mazungumzo, kujilaumu, kuruka akisikia kishindo. Jumla ikifika 31 hadi 33 au zaidi, tunachunguza kwa undani. Linaharibika kirahisi. Ndugu akikaa pembeni, anajibu yeye. Na ukiuliza kuhusu "jinamizi", mtu anafikiri unamuulizia pepo aliyemkalia kifuani, hivyo nauliza: "Ukilala, unaliona lile tukio lenyewe?" Hapo hunyamaza, halafu anaitikia kwa kichwa.

Ndugu huniambia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa mwenye kiwewe hayajapita. Breki zikilia barabarani, mwili wake uko palepale ajalini.

Saa 4:30 ndiyo saa nzito ya siku. Mteja ninayemweleza nimemchanganya kutoka kwa watu wengi, asitambulike mtu: utingo aliyenusurika lori lilipopinduka. Kikao kimoja huchukua dakika 90. Vikao vya mwanzo tulitandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa: maua kwa mema, mawe kwa mabaya, kila jiwe na umri wake. Njia hii ilitumika kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia huko Nakivale, Uganda, na waliofundishwa kuiendesha walikuwa wakimbizi wenzao. Leo tumefika kwenye jiwe la lori.

Anasimulia polepole, nami namrudisha kila anaporuka. Uliona nini? Harufu gani? Mikono ilikuwa wapi? Na sasa hivi, hapa chumbani, mwili unasikia nini? Naomba namba ya hofu, 0 hadi 10. Saba. Tisa. Jasho, vidole vimeshika ukingo wa kiti. Hapo ndipo hupaswi kusimama. Hofu ikiachwa ifike kileleni huku mtu yu salama, hushuka yenyewe, na kumbukumbu inapata mahali na tarehe.

Mlango ukagongwa.

Kibao cha "Usiingie" kipo. Ukagongwa tena, ukafunguliwa: shemeji yake. "Samahani daktari, bado tu? Gari linaondoka." Nikamjibu kwa upole, "Shemeji, nipe nusu saa, tafadhali, kaa benchi la nje." Hakukaa. Alisimama kizingitini akieleza habari ya nauli, tena kwa sauti, na mteja akaanza kuinuka: "Basi, nimepona, twende." Akiondoka kwenye tisa, mwili unajifunza kwamba kumbukumbu ile haivumiliki, na wiki ijayo haji. Watu huona tunapiga soga humu ndani. Hakuna anayefungua mlango wa chumba cha upasuaji kuulizia gari.

Kuanza upya hapo ni kazi ya mikono. Miguu yote miwili sakafuni. Ataje vitu vitano anavyoviona. Anywe maji, asikie ubaridi wa kikombe. Leo ni siku gani, mwaka gani, lori liko wapi sasa? Kisha kurudi palepale alipokatiza, sentensi ileile, hadi mwisho: walipomtoa, nani alimshika mkono. Nane. Sita. Nne. Ilichukua dakika 50 badala ya 30, na gari liliondoka kweli.

Mchana ni wali maharage na kuandika alichosimulia, kwa mpangilio wa wakati, ili nimsomee kikao kijacho naye asahihishe.

Baadaye kikundi cha watoto waliofiwa. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, utafiti uliochapishwa 2020 uliwafuata watoto 640 wa namna hii. Walioongozwa kwa wiki 12 na washauri wasio wanasaikolojia walipata nafuu, hasa Bungoma. Mlezi naye anahudhuria, maana mtoto akirudi kwa bibi asiyetaka jina la marehemu litajwe, tunajenga mchana na usiku inabomolewa.

Jioni kichwa kizito, bega limekaza. Nampigia msimamizi wangu, tunapitia kikao cha asubuhi bila kutaja jina. Bila hilo mshauri huanza kuota lori la mtu mwingine. Halafu narudisha mawe mfukoni na kukunja kamba. Ile sehemu ya mwisho haikutandazwa tangu kikao cha kwanza: imeviringwa vilevile, ni miaka ya yule utingo ambayo bado.