Asubuhi Niliyofundishwa Kukaa

Desemba 2013, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mjini Pune, India, nilitumia likizo fupi kwenda Rishikesh, mji ulio ukingoni mwa mto Ganga, pale milima ya Himalaya inapoanzia. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya yoga kwa miaka miwili, nami niliamini kwamba nimeyaelewa, kwa kuwa niliweza kusimama kwa kichwa na kuinama hadi paji la uso likagusa magoti. Jambo moja lilinishinda, nalo ndilo hasa lililonipeleka kule: kuketi kimya na kutafakari.

Asubuhi ya tatu, kabla ya mapambazuko, mwalimu wetu, mama wa makamo aliyeishi karibu na daraja la Lakshman Jhula, alitutaka tukae nusu saa bila kujongea. Haikutimia robo saa, mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi, kiuno kikaanza kuuma, nami nikawa siwazi pumzi wala ukimya ila goti. Nilivumilia kwa kukaza meno mpaka machozi yakanilengalenga. Wenzangu walipoinuka kwenda kunywa chai, mwalimu alinizuia, akakunja blanketi mara nne, akaniambia nikalie ukingo wake. Magoti yakashuka chini ya usawa wa nyonga, na mgongo ukasimama wenyewe pasipo kushurutishwa.

Kisha akaniuliza: "Mikao yote ile unayoifanya jioni, unaifanya kwa ajili ya nini?"

Nilijibu kwamba ni kwa afya na wepesi wa viungo. Akasema sikukosea, maana hata Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinataja uthabiti, afya na wepesi kuwa matunda ya mikao; ila kazi ya mikao haiishii hapo. Katika sutra, yaani semi fupi, zipatazo 196 za Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, alinieleza, ni tatu tu zinazouzungumzia mkao wenyewe, na ya kwanza inataka mambo mawili: uwe thabiti, na uwe wa raha. Mbili zinazofuata zasema kwamba hali hiyo hupatikana kwa kulegeza jitihada na kuielekeza akili kwenye kisicho na mwisho, na kwamba hapo mambo yanayopingana, kama joto na baridi, hayamtikisi tena mtu. Neno asana lenyewe, yaani mkao kwa Kisanskriti, limetoka katika mzizi wenye maana ya kukaa. Nyonga hufunguliwa na mgongo huimarishwa ili mtu akiketi, mwili usimwite.

Maneno hayo yaliniingia kwa njia ambayo yeye hakuijua, kwa kuwa Kiswahili nacho kimelitoa neno mkao katika kukaa, na kukaa kwetu ni kuketi na pia ni kubaki mahali. Nilimkumbuka bibi yangu kule Pangani, aliyekaa kitako juu ya mkeka tangu alasiri hadi magharibi akichambua mchele, mgongo wima, wala hakuegemea ukuta. Mimi nyonga zile nilizipoteza katika miaka ya madawati na viti, na mikao niliyoifanya kwa kujionea fahari ilikuwa, kumbe, njia ya kuzirudisha.

Jioni ile nilifanya mikao minne tu, polepole, nikiusikiliza mwili badala ya kuushinda. Alfajiri nikaketi juu ya blanketi. Goti liliniita mara mbili, kisha likanyamaza. Kengele ilipogongwa, nilikuwa ningali nahesabu pumzi.