Dhoruba ya Brodikasti pale Posta

Nilikuwa fundi mtandao wa kampuni moja ya uwakala wa forodha, Posta, jijini Dar es Salaam. Jumatatu moja asubuhi ofisi nzima ilisimama. Simu za mezani kimya, printa hazionekani, na wateja wanaofuatilia makontena yao bandarini wamejaa mapokezi. Dada wa mapokezi akanipigia kwa simu yake ya mkononi: "Kaka, wahi, watu wameanza kuja juu."

Nilipofungua kabati la swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta na simu zote za ofisi, nilijua kabla sijagusa kitu. Kwa kawaida taa za poti, yaani matundu ya kuchomekea waya, hupepesa kila moja kwa wakati wake. Siku hiyo zote 48 zilikuwa zikiwaka na kuzima kwa pamoja, mbio mbio. Nikiandika amri kwenye laptopu, herufi zinachelewa kutokea. Swichi ikipokea fremu ya brodikasti, yaani kifurushi cha data kinachotumwa kwa vifaa vyote, huitoa kwenye poti nyingine zote, na fremu ya Etheneti, mtandao wa waya wa ofisini, haina umri wa kuisha, tofauti na pakiti ya IP, kifurushi cha intaneti. Pakiwa na kitanzi, yaani waya unaorudisha data ilikotoka, ombi moja tu la kompyuta linazunguka na kuzaliana mpaka waya zijae.

Kaka aliyekuwa akinifundisha kazi akasema, "Chomoa moja moja, mdogo wangu, usikisie." Nilipochomoa waya wa uhasibu, taa zilitulia palepale. Chini ya meza moja huko kulikuwa na kiswichi cha poti nane cha Kariakoo, na waya umechomekwa humo humo ncha zote mbili. Walikuwa wamehamisha meza, mtu akaona ncha inaning'inia, akaichomeka. Simlaumu hata kidogo. Spaningi tree, mbinu aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 kuzuia vitanzi, tulikuwa tumeiwasha, ila kiswichi kile kilikuwa kinameza ujumbe ambao mbinu hiyo hutuma kugundua kitanzi, kwa hiyo swichi kubwa haikuona lolote.

Mchana tukakaa kuweka kikomo cha brodikasti. Kaka alitaka asilimia 1 ya uwezo wa poti, yaani megabiti 10 kwa sekunde kwenye poti ya gigabiti 1. Nikamwomba tupime kwanza, maana kikomo kikiwa chini mno, asubuhi watu wanapowasha kompyuta kwa mkupuo maombi ya DHCP, yaani ya kompyuta kupewa anwani ya mtandao, yanatupwa na mtu anakosa anwani. Tukapima, asilimia 1 ikatosha na kubaki.

Tulibishana zaidi juu ya adhabu ya poti inayovuka kikomo. Poti za wafanyakazi tukaziamuru zijifunge zikivuka kikomo. Zile zinazounganisha ghorofa nilikataa, na mpaka leo nakataa: zitupe ziada na kutuma taarifa, basi. Zikijifunga, ghorofa zima linakosa kazi kwa kosa la meza moja.

Jioni kaka akarudisha waya ule kwa makusudi. Poti ya uhasibu ikajifunga, simu ya mapokezi ikaendelea kuita.

Uhasibu walikuwa na soketi moja tu ukutani kwa watu wanne. Wiki ileile tukawavutia nyaya nyingine tatu, kiswichi tukakiondoa.